Nilipasuliwa tezi dume kwa roboti. Wamenipigia kuuliza "umeridhika?", nikasema tisa kwa kumi. Naomba niwaeleze hiyo tisa

#1 Meku Mstaafu (Moshi)

Wakuu, shikamooni wanaostahili shikamoo, wengine habari za leo.

Wiki iliyopita nilikuwa barazani namenya ndizi za mtori, simu ikaita, namba ya India. Binti mwenye Kiingereza cha mbio akajitambulisha anatoka hospitali niliyopasuliwa miaka miwili iliyopita. Kuanzia moja hadi kumi, mzee, umeridhika kiasi gani? Nikasema tisa. Akashukuru, akakata. Nilipogeuka nikamkuta Mama Aika amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama. Hakusema neno, akarudi jikoni.

Ukimya ule ndio umenileta hapa.

Mimi ni mtu wa Kibosho, miaka 66, nilikuwa mhasibu. Usiku nilikuwa naamka mara nne mara tano kwenda haja ndogo, nikajisemea ni uzee na mbege. Kilichonitoa nyumbani ni mdogo wangu. Alikaa na maumivu ya mgongo mwaka mzima akichuliwa, alipopimwa saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Tulimzika Januari. Februari nikaenda kupima, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikasoma 11. Wakachukua vinyama kumi na viwili kwa sindano kupitia njia ya haja kubwa (ambao hamjapitia, nawaacha na raha zenu). Majibu: saratani, Gleason 7 (alama ya ukali wa saratani yenyewe), bado iko ndani ya tezi, haijatoka.

Daktari wa hapa Moshi akanipangia tarehe ya kufungua tumbo. Ndipo kikakaa kikao cha familia kwenye simu. Kijana wangu aliyeko Marekani akasema baba hafunguliwi tumbo, huku kila mtu anafanyiwa na roboti, kupasuliwa kwa kisu ni mambo ya zamani. Mimi nani nibishane na mtoto anayelipa? Kiwanja cha Himo kikauzwa, wengine wakachanga, nikapandia ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kupitia Addis Ababa.

Sasa niseme haki. Niliamka nina matundu sita madogo tumboni, kila moja kama ukucha. Sikuongezewa damu hata tone. Kesho yake nilitembea korido, siku ya tatu nikatoka. Mpira wa mkojo ulikaa siku kumi. PSA baada ya wiki sita ilikuwa chini ya 0.1 na mpaka leo iko hapo. Chakula kizuri, shuka safi, manesi wananiita "papa". Hiyo ndiyo tisa niliyompa yule binti.

Upande wa pili hakuuliza. Miezi mitatu ya kwanza nilitumia pampasi nne kwa siku. Misa ya Jumapili nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mimi ambaye nimekuwa mzee wa jumuiya miaka kumi na nane. Leo natumia pedi moja ndogo, ila nikikohoa, nikinyanyua ndoo au nikipata kibuyu cha pili cha mbege, naichafua. Na mambo ya chumbani, wakuu, naongea hapa kwa sababu hamnijui sura: miaka miwili sasa. Vidonge husaidia mara moja moja. Na hata inaposaidia hakitoki kitu, pakavu. Mara ya kwanza nilidhani wameniharibu. Kumbe ndivyo inavyokuwa kwa kila aliyetolewa tezi, ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi niliyosaini usiku wa kuamkia upasuaji, ukurasa wa nne.

Kinachonisumbua hasa ni hiki. Nina mzee mwenzangu wa Machame, kapasuliwa hapa hapa Moshi kwa kisu mwaka ule ule. Kovu kutoka kitovuni kushuka chini, chupa mbili za damu, wodini zaidi ya wiki. Nikamwuliza kama yule binti alivyoniuliza mimi. Akasema, "Kumi. Kama ipo kumi na moja andika." Nikamwuliza, mkojo je? Unavuja kidogo, kama wangu. Chumbani? Kimya, kama kwangu.

Mtu huyu hakuuza kiwanja. Kwa nini ana furaha kunizidi?

#2 Dalali wa Sakina

Naweka kiti mbele kabisa. Meku, hilo roboti lilikusemesha au lilikata tu?

#3 Chalii wa Kijenge (Arusha)

Shikamoo mzee. Pole sana na asante kwa kufunguka, hii kitu wazee wetu hawaisemi. Mshua wangu ana miaka 71, amepimwa mwezi uliopita, amekutwa nayo. Ukoo mzima umeshaanza kuchangisha wa roboti. Niliona pia kwamba Juni 2025 daktari akiwa Orlando, Marekani, alimpasua mgonjwa wa tezi dume aliyekuwa Luanda, Angola, kwa kutumia mtandao. Maana yake hiyo mashine inajiendesha yenyewe? Naogopa kumweka mshua mikononi mwa kompyuta.

#4 Meku Mstaafu

Marahaba kijana. Nami niliogopa hivyo hivyo, nikaomba nioneshwe kabla. Haijiendeshi hata sekunde moja. Daktari anakaa pembeni, humo humo chumbani, ameinamisha uso kwenye kitu kama darubini ya macho mawili, vidole viko kwenye vishikio. Akigeuza kifundo cha mkono, kichuma kilichomo tumboni mwako nacho kinageuka. Mikono ni minne, mmoja umebeba kamera. Picha inakuzwa kama mara kumi, na mkono wa daktari ukitetemeka mashine inachuja huo mtetemo. Tumbo wanalijaza gesi lisimame kama hema, kisha unalazwa kichwa chini miguu juu saa kadhaa. Niliamka uso umevimba kama nimeng'atwa na nyuki wa Rau.

Tezi wanaitia kwenye kimfuko, wanaitoa kwa tundu moja wanalolipanua kidogo. Halafu kibofu kinashonwa na mrija wa mkojo, kwa sababu tezi ilikuwa imekaa hapo katikati kama kiungo cha bomba. Mpira unakaa mpaka mshono ushike.

Dalali, haikunisemesha. Daktari mwenyewe naye hakunisemesha zaidi ya dakika tano, na hapo ndipo ninapopafikiria.

#5 Tiba Asili Online

Wazee mnateseka bure. Mbegu za maboga na mlonge siku 21 tezi inasinyaa yenyewe. Njoo inbox.

#6 Nesi wa Zamani (Moshi)

Namba 5, mdogo wake Meku alichuliwa mgongo mwaka mzima. Umeusoma uzi au umekuja kutafuta wateja?

Nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi kabla ya kustaafu, na wagonjwa wa njia ya mkojo nimewahudumia wengi, maana Moshi tuna bahati: hospitali ya KCMC ina kitengo kikubwa cha magonjwa ya mkojo na madaktari kutoka nchi za jirani wanakuja kusomea pale. Niseme machache.

Kwanza msichanganye. Kuna tezi kukua kwa umri, isiyo saratani, ambayo mara nyingi inakwanguliwa kwa chombo kinachopita kwenye njia ya mkojo, tumbo haliguswi. Na kuna saratani, ambayo ikiwa bado ndani ya tezi inaweza kutolewa yote. Anachosimulia Meku ni hicho cha pili.

Swali la Meku watu wameshalifanyia utafiti. Roboti maarufu, da Vinci, ilipitishwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha majibu ya wanaume 400 waliotolewa tezi, wengine kwa kisu, wengine kwa roboti. Asilimia 84 walisema wameridhika, asilimia 19 walisema wanajutia uamuzi wao. Waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujuta ni wale wa roboti. Watafiti wakafikiri huenda ni kwa sababu walikwenda na matumaini makubwa: umeambiwa teknolojia mpya kabisa, unategemea utoke kama ulivyoingia.

Meku, mwenzako wa Machame aliambiwa nini kabla?

#7 Meku Mstaafu

Nesi umenishika pabaya. Nimempigia sasa hivi.

Anasema daktari alimkalisha yeye na mkewe, pamoja, mara mbili. Akawaambia mkojo utavuja, msishangae, miezi mitatu mpaka mwaka. Akawaambia nguvu za kiume zinaweza zisirudi, na zikirudi ni polepole, mwaka na nusu au miwili. Akawaambia na habari ya ukavu. Akampa na mazoezi ya kubana, ule msuli unaokatisha mkojo nao, ayaanze wiki nne KABLA ya kupasuliwa. Mimi mazoezi hayo nilifundishwa mwezi wa tatu baada ya kurudi, na binti wa mazoezi ya viungo wa hapa hapa Moshi.

Mzee wa Machame alipovuja wiki mbili tu zaidi ya alivyotarajia, kwake ni kawaida. Pedi ilipokauka kidogo ni sherehe. Mimi kila siku iliyokuwa na pedi nilikuwa nahesabu hasara ya kiwanja.

#8 Dereva wa Crater (Arusha)

Kwa heshima zote wazee, msiiseme vibaya hii mashine. Nilifanyiwa nje ya nchi, miaka 54, roboti. Wiki ya tatu niko ofisini, wiki ya sita nimerudi kwenye usukani nashuka Ngorongoro na wageni, na ile barabara mnaijua. Mkojo ulikauka wiki ya tano. Kule kwingine kulichukua miezi minane, kumerudi, si kama ujana ila kumerudi. Mimi ni kumi na sina cha kupunguza. Ningefunguliwa tumbo ningepoteza msimu mzima wa watalii, na msimu ndio ada ya watoto.

#9 Nesi wa Zamani

Dereva, hongera, na hakuna anayekubishia. Ila tazama: una miaka 54, Meku alikuwa na 64. Bila shaka ulikuwa na nguvu zako kamili kabla. Mishipa ya fahamu inayosimamisha inapita ubavuni mwa tezi, kulia na kushoto, myembamba kama nyuzi. Kama saratani haijaikaribia, daktari anaiacha pande zote mbili. Kama imekaribia, anatoa upande mmoja au yote, na hapo hata roboti ya dhahabu haikurudishii kitu.

Kuna jaribio lilifanyika Brisbane, Australia, matokeo yake ya kwanza yakatoka 2016. Wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu, huyu kisu, huyu roboti. Wa roboti walipoteza damu kidogo zaidi na maumivu ya siku za mwanzo yalikuwa nafuu, kama mlivyosema ninyi. Lakini kufika wiki ya 12, mkojo na nguvu za kiume vilikuwa sawa tu pande zote mbili. Walipofuatiliwa hadi miezi 24, bado sawa. Na kuna kitu hapo nakipenda: aliyeshika kisu alikuwa ameshafanya upasuaji huo zaidi ya mara 1,500, aliyekaa kwenye roboti kama mara 200. Watetezi wa kisu na wa roboti kila mmoja akachukua hoja yake hapo na wanabishana mpaka leo.

Marekani nako, 2012, wazee wa bima ya serikali walioulizwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, kama 31 katika kila mia walisema mkojo unawasumbua kiasi au sana, na kama 88 katika mia walisema hivyo kuhusu tendo la ndoa. Roboti haikuwapunguzia. Meku, hauko peke yako, uko katikati kabisa ya kundi.

#10 Dalali wa Sakina

88 katika mia?? Natoka kwenye kiti naenda kuketi na mke wangu.

#11 Mama wa Njiro

Nasoma tangu jana nikiwa kimya, naona ni wanaume tu na nesi. Mimi ni mke. Mume wangu alipasuliwa Afrika Kusini kwa roboti, 2022, mwaka ambao hata hospitali za umma za Cape Town, Tygerberg na Groote Schuur, zilianza kuitumia. Yeye alikwenda binafsi.

Kila anayemsalimia anamwambia anaonekana mzima. Naye anajibu, namshukuru Mungu, matundu tu haya. Anainua shati anaonesha. Kila mgeni anaoneshwa matundu. Mimi ndiye ninayefua. Mimi ndiye ninayejua kwamba alihamia chumba cha mtoto kwa sababu ya aibu ya shuka, na hakurudi kwa mwaka na nusu, hata pedi zilipoisha. Hakuniambia ni nguvu. Aliniambia anakoroma. Mwanamke unaanza kufikiri mengine, na nilifikiri.

Hospitali ile nayo ilimpigia. Akasema kumi. Hakuna aliyeomba kuongea nami. Meku, huyo mkeo mwenye mwiko nilimwelewa kabla sijamaliza aya.

#12 Nesi wa Zamani

Mama wa Njiro, asante. Ndiyo maana swali la "umeridhika kiasi gani" halinipendezi. Hospitali inapouliza hivyo, mgonjwa anajibu habari za manesi na shuka, na anajibu pia kwa adabu: mtu kakutoa saratani, utampa sita? Wanaotaka kujua kweli wanatumia dodoso kama lile liitwalo EPIC, linauliza wazi: pedi ngapi kwa siku, unavuja mara ngapi, na kila jambo linakusumbua kiasi gani. Linauliza hilo la mwisho makusudi, kwa sababu pedi moja kwa mzee mmoja si kitu na kwa mwingine ni msiba.

#13 Chalii wa Kijenge

Nimemsomea mshua uzi mzima jana usiku, nimeruka post ya Dalali tu. Alinyamaza, akasema, "Hao wazee ni wakweli." Leo tumerudi kwa daktari tukiwa na maswali. Majibu yake ni Gleason 6, PSA 5.8. Daktari ametuambia ya mshua ni ya zile zinazotembea kama kobe na anaweza asiguswe kwanza: PSA kila baada ya miezi michache, kipimo cha kidole, na vinyama vingine baada ya muda, ikianza kubadilika ndipo atibiwe. Mi nikaona kama ananyimwa tiba. Nesi, hii imekaaje?

#14 Nesi wa Zamani

Imekaa vizuri. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 kwa miaka 15, saratani zao zikiwa bado ndani ya tezi: wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Matokeo yalitoka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika mia, na makundi yote matatu yalikaribiana. Waliofuatiliwa, kwa wengi zaidi saratani ilisambaa, hilo usilifiche, na wengi wao mwishowe walitibiwa. Lakini mzee wa miaka 71 mwenye Gleason 6 ana muda wa kufikiri. Sharti ni moja: asikimbie tarehe za kupima. Akianza kusema "najisikia mzima, siendi", mbebe.

Na kama siku moja atapasuliwa, kabla ya kuuliza kama kuna roboti, muulize daktari: wewe mwenyewe umeshafanya ngapi? Wagonjwa wako baada ya mwaka wanatumia pedi ngapi?

#15 Dereva wa Crater

Hilo la kuuliza daktari umefanya ngapi mimi niliuliza. Alicheka, akasema zaidi ya elfu. Nadhani ndiyo siri yangu, si mashine.

#16 Tiba Asili Online

Gleason 6 ni ndogo sana, wiki mbili tu inatosha. Inbox iko wazi.

#17 Chalii wa Kijenge

Mshua anasema utume namba ya mganga wako aliyekufundisha Gleason.

Mrejesho: kikao cha ukoo kilikuwa moto. Shangazi alisema tunamwacha kaka yake afe kwa ubahili. Mshua mwenyewe akasimama, akasema hela zilizochangwa zikae, na ole wake atakayezinywa Desemba. Kipimo kinachofuata ni baada ya miezi mitatu, nimekiweka kwenye simu yangu na ya mama.

#18 Meku Mstaafu

Kijana, mpe mzee salamu zangu. Akipita Moshi aje Kibosho, nina ndizi.

Baada ya post ya Mama wa Njiro nilikaa siku tatu sijaandika. Mimi pia nilihama chumba. Sikuwaambia hapo juu. Nilisema ni kwa sababu ya kuamka amka usiku nisimsumbue. Juzi nikamwomba Mama Aika aketi, nikamsomea post ile yote, sauti ikanikwama katikati, akamalizia kusoma mwenyewe. Halafu akaniambia mambo mengi ambayo si ya jukwaani. Jana godoro la chumba cha wageni limetolewa juani, na leo asubuhi kwa mara ya kwanza tumekwenda wote kwa daktari wa hapa. Ametaja njia nyingine zaidi ya vidonge, tunazifikiria.

Mchana ule ule namba ya India ikapiga tena. Inaonekana yule binti alipoteza fomu yangu. Kuanzia moja hadi kumi, papa? Nikamwambia subiri, nikampa simu mama.

Alisema saba. Alipokata nikamwuliza, mbona saba? Akasema alitaka kusema sita, ila binti mwenyewe alikuwa na sauti ya mtoto wa watu.